Magari Manne Yamegongana: Kosa ni la Nani?

Tuanze na ajali. Tumeitunga sisi wenyewe ili iwe mfano, lakini ajali za namna hii hutokea katika barabara zetu kuu.

Ni saa 2 kasorobo usiku. Manyunyu ya mvua yanaanguka. Lori lililobeba mbao kutoka Mafinga limeharibika karibu na Ilula, katika barabara kuu inayotoka Iringa kwenda Morogoro. Tairi la nyuma limepasuka. Nusu ya lori iko juu ya lami, nusu iko pembeni. Taa zake za nyuma haziwaki. Utingo amekata matawi ya miti na kuyaweka barabarani, hatua kumi nyuma ya lori.

Nyuma ya lori inakuja pikapu iliyobeba matenga ya nyanya. Mbele, karibu na dereva, amekaa mama mmoja mkulima, mwenye nyanya hizo. Dereva wa pikapu ni jirani yake. Anaona matawi, anakanyaga breki, anasimama. Hawezi kupita kwa sababu gari dogo linakuja kutoka mbele.

Mara basi la abiria linatokea nyuma. Linaigonga pikapu na kuisukuma hadi chini ya mbao za lori. Kisha basi linayumba kulia na kulipiga lile gari dogo lililokuwa likija upande wake halali.

Mama yule amevunjika mguu mahali pawili. Nyanya zimemwagika zote. Msimu ni huu, na watoto wako nyumbani.

Asubuhi watu wamejaa barabarani. Mmoja anasema, "Kosa ni la basi, kwa sababu limegonga nyuma." Wa pili anasema, "Kosa ni la lori, lingetoka barabarani yasingetokea haya." Wa tatu anailaumu pikapu. Nani amesema kweli?

KOSA HUGAWANYWA

Watu wengi hudhani kwamba katika ajali lazima awepo mkosaji mmoja tu. Sivyo ilivyo katika sheria. Mahakama haitafuti gari moja la kubeba lawama zote. Humchukua kila dereva peke yake na kumwuliza maswali mawili. La kwanza: Je, ulifanya jambo ambalo dereva mwangalifu asingelifanya, au uliacha kufanya jambo ambalo angelifanya? La pili: Je, uzembe wako huo ulichangia ajali au madhara haya?

Akijibu ndiyo mara mbili, ana sehemu yake ya kosa. Wanaweza kuwa wawili, watatu, au wote. Hakimu huwagawia lawama kwa mafungu ya mia, kila mmoja kadiri ya uzembe wake.

Ukubwa wa gari si kosa. Kuwa wa mwisho kufika si kosa. Hata kukosa leseni peke yake hakumaanishi kwamba ndiye aliyesababisha ajali, ingawa atashitakiwa kwa kuendesha bila leseni. Kinachopimwa ni kitendo na matokeo yake.

Basi na tuyachukue magari yetu moja moja.

LORI LA MBAO

Dereva wa lori atasema, "Mimi nilikuwa nimesimama. Aliyesimama amemgongaje mtu?" Maneno haya yanavutia, lakini hayamwokoi.

Gari kuharibika si kosa. Tairi hupasuka hata kwa mtu mwangalifu. Lakini likishaharibika, dereva ana wajibu. Kwanza, alitoe barabarani kama linaweza kusogea. Pili, awaonye wenzake. Ndiyo maana gari hutakiwa kuwa na pembetatu za kuakisi mwanga. Taa ya gari linalokuja ikizimulika, hung'aa kutoka mbali. Matawi ya miti hayang'ai. Usiku wa mvua matawi yaliyolowa hufanana na lami. Na hatua kumi ni karibu mno. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita umbali huo kabla hujamaliza kusema "lori".

Kwa hiyo lori lina sehemu yake. Na siyo dereva peke yake. Kama dereva ameajiriwa na alikuwa katika kazi ya tajiri wake, mwenye lori hujibu pia kwa uzembe wa dereva huyo. Jambo hili ni muhimu sana kwa majeruhi, kwa maana dereva mara nyingi hana kitu.

(Tunaomba tuseme neno moja kwa matingo: mkimaliza kutengeneza gari, yaondoeni yale mawe mliyozuilia magurudumu. Huachwa barabarani, na pikipiki inayofuata huyavaa.)

BASI

Dereva anayegonga gari lililo mbele yake huanza akiwa na mzigo. Watu huuliza: kwa nini hukuacha nafasi? Lakini si kweli kwamba anayegonga nyuma ana kosa siku zote. Huenda gari la mbele lilirudi kinyumenyume. Huenda lilichomoka ghafla kutoka pembeni. Huenda halikuwa na taa hata moja. Mahakama husikiliza.

Tupige hesabu ya basi letu. Katika Tanzania basi la abiria haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na penye makazi ya watu mwisho ni kilomita 50. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, linapita kama mita 22 kila sekunde. Dereva akiona hatari, huchukua kama sekunde moja kabla mguu wake haujakanyaga breki. Mita 22 zimekwisha, na gari bado halijaanza kupunguza mwendo. Kusimama kabisa kwenye lami kavu kutahitaji mita 35 hivi nyingine. Jumla ni karibu mita 60. Kwenye lami iliyolowa ni zaidi.

Sasa taa. Basi linapopishana na gari dogo, dereva hushusha taa. Taa zilizoshushwa hazimuliki mbali. Basi kama ulikuwa unaona mita 40 mbele yako na ulihitaji mita 60 ili usimame, ulikuwa unaendesha ndani ya giza. Hapo kusema "sikuwaona" kunazidi kukushitaki. Kilomita 80 ni mwisho wa ruhusa. Haina maana kwamba ni mwendo salama kila wakati. Usiku, na mvua, dereva mwangalifu hupunguza.

Dereva wa basi anaweza kusema, "Breki zilikataa." Basi likapelekwa kwa mkaguzi wa magari wa polisi. Akikuta breki ni nzima, utetezi umekufa. Akikuta ni mbovu, mwenye basi ataulizwa zilitengenezwa lini na nani. Breki mbovu kwa kawaida ni uzembe wa mwenye gari.

PIKAPU

Hapa ndipo panapokuwa pagumu, na hapa mama yetu ana jambo la kusema.

Dereva wa pikapu anadai kwamba alikuwa amekwisha simama, ndipo basi likamsukuma. Dereva wa basi anadai kinyume. Anasema pikapu ilikuwa imekwisha ligonga lori, na ilisimama kwa kishindo mbele yake bila kumpa nafasi. Hawa wawili hawawezi kuwa wakweli wote. Tutajuaje?

Mtu aliyekaa ndani ya gari ni shahidi kwa mwili wake. Gari lililosimama likigongwa nyuma, kiti humsukuma mtu mgongoni, na kichwa huangukia nyuma. Kisha gari likijipiga mbele, mtu hurushwa mbele. Lakini kama gari limejipiga mbele kwanza, mwili huenda mbele kwanza, halafu ndipo hupigwa mgongoni. Mama akikumbuka kwamba alirudi nyuma kwanza, anathibitisha maneno ya jirani yake. Naye dereva wa lori, aliyekuwa chini akifungua tairi, amesikia nini? Lori lake lilipigwa mara moja au mara mbili? Ikiwa ni mara moja, basi pikapu ilisukumwa. Ikiwa ni mara mbili, huenda iligonga yenyewe kwanza, kisha ikasukumwa tena.

Magari nayo yana maneno yake. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu, pua ya gari huinama. Kwa hiyo gari lililogonga huku likifunga breki huwa limepondeka juu kidogo kuliko gari lililosukumwa likiwa limetulia. Alama nyeusi za matairi huonyesha mahali breki zilipoanza kushika. Vipande vya vioo na tope kavu lililodondoka kutoka chini ya magari huonyesha mahali yalipokutania. Hata balbu husema. Waya mwembamba ulio ndani ya balbu iliyokuwa ikiwaka huwa laini kwa joto, na hupindika ukipata kishindo. Wa balbu iliyozimika haupindiki hivyo. Mara nyingi hubaki kama ulivyokuwa au hukatika.

Na balbu za pikapu hii zimeleta neno. Taa yake ya nyuma ya kulia ilikuwa imekufa tangu mwezi uliopita. Dereva alijua, akasema atanunua nyingine akiuza mzigo. Basi jirani huyu mwema, aliyesimama vizuri, naye anapata sehemu yake. Ni ndogo, lakini ipo.

GARI DOGO

Gari dogo lilikuwa upande wake wa kushoto, kwa mwendo wake, na taa zake. Basi lilimfuata kulekule. Dereva huyu hana sehemu yoyote. Kuwamo katika ajali si kosa.

USHAHIDI UKIKOSEKANA

Itakuwaje kama hakuna shahidi, na alama zimefutika? Je, majeruhi aende nyumbani mikono mitupu?

Jambo hili liliwahi kufika mahakamani Uingereza, mwaka 1953. Magari mawili yaligongana gizani katikati ya barabara iliyonyooka. Madereva wote wawili walikufa, na hakuna aliyeona. Mjane wa mmoja alimshitaki mwajiri wa mwenzake. Mahakama ya rufani ilisema kwamba magari yakikutana katikati ya barabara, na hakuna cha kuwatofautisha madereva, basi wote wawili wamekosa sawasawa.

Kwetu vilevile. Mwaka 1971 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, ambayo siku zile ilizihudumia Tanzania, Kenya na Uganda, iliamua shauri la Lakhamshi dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Ilisema kwamba kama haiwezekani kujua ni dereva yupi mwenye lawama, wote huhesabiwa wamekosa sawa. Mahakama ile ilikwisha mwaka 1977, lakini majaji wa Kenya wameendelea kuitaja kanuni hiyo katika hukumu zao.

Nusu kwa nusu ni bora kuliko bure. Lakini kwa dereva ambaye hakukosa, nusu ni dhuluma, na inatokana na kukosa ushahidi tu.

USIKU ULEULE

Ushahidi wa barabarani hauishi siku nyingi. Mvua hufuta tope. Magari yanayopita husaga vioo. Na sisi wananchi, tusifichane, hukimbilia kuokota nyanya na mbao.

Kuokota mizigo ni wizi, na pia ni hatari. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilianguka na watu wakaenda kuchota petroli. Moto ulilipuka, na watu zaidi ya 100 walikufa. Likianguka lori la mafuta, kaa mbali na uwazuie wengine.

Katika ajali nyingine, jambo la kwanza ni kuokoa watu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva aliyehusika asimame, awasaidie walioumia na atoe taarifa polisi. Anayekimbia anaongeza kosa juu ya kosa.

Watu wakishaokolewa, magari yaachwe yalivyo mpaka polisi wafike na kupima. Kama lazima yasogezwe, mtu mwenye simu apige picha kwanza. Apige picha ya magari yote pamoja, ya alama za matairi, ya vioo, ya namba za magari, na ya matawi au pembetatu. Asisahau kuhesabu hatua kutoka matawi hadi lori. Hesabu hiyo inaweza kuwa na thamani kubwa kuliko maneno ya watu kumi waliofika asubuhi.

Abiria wa basi nao waandikiane majina. Wakishafika mwisho wa safari watatawanyika, na kuwapata tena ni kazi. Polisi watachora ramani ya ajali na kuandika maelezo ya mashahidi. Ukiitwa kuandika maelezo, sema ulichokiona wewe. Ulichosimuliwa kiache kwa msimulizi.

MAMA NA FIDIA YAKE

Sasa turudi hospitalini. Mama amelala, mguu umefungwa. Anakuja kijana aliyetumwa na mwenye basi. Ana shilingi 100,000 na karatasi. Anasema, "Mama, pole sana. Weka dole gumba hapa, yaishe."

Mama asiweke. Huenda karatasi ile inasema kwamba amelipwa yote na hadai tena. Kama fedha ni ya pole tu, iandikwe kuwa ni ya pole.

Kuna mambo mawili hapa ambayo watu huyachanganya. Polisi wakimshitaki dereva, hiyo ni kesi ya jinai. Akipigwa faini, faini huenda Serikalini. Kwa kawaida mama hapati kitu katika faini hiyo. Fidia yake ni dai jingine, la madai. Hukumu ya jinai humsaidia sana kama ushahidi, lakini haimzuii kumdai dereva ambaye polisi hawakumshitaki. Katika jinai lazima kosa lithibitishwe bila kuacha shaka ya maana. Katika madai inatosha mizani kuinama upande wako.

Mama ni abiria. Hakushika usukani, hakuziwasha wala kuzizima taa. Hana sehemu ya kosa. Tuseme hakimu ameona kwamba matibabu, maumivu na kazi alizoshindwa kufanya ni shilingi 12,000,000. Tuseme ameligawia basi 50 katika mia, lori 35, na pikapu 15. Hiyo ni shilingi 6,000,000 kwa basi, 4,200,000 kwa lori, na 1,800,000 kwa pikapu.

Je, lazima mama awazungukie wote watatu? Hapana. Wakosaji wanaposababisha pamoja dhara moja, kila mmoja anadaiwa na majeruhi fidia nzima. Aliyelipa yote ndiye atakayewadai wenzake mafungu yao. Lakini hatapata zaidi ya shilingi 12,000,000.

Hapa mama anapumua kidogo, maana anamwonea haya jirani yake aliyembeba. Na kuna sababu nyingine. Kila gari barabarani lazima liwe na bima, walau ile ambayo watu huiita bima ndogo. Bima hiyo huwalipa watu wa nje wanaoumizwa na gari hilo. Kwa basi lililomgonga na lori lililomtega, mama ni mtu wa nje. Lakini kwa pikapu alimokaa, ambalo ni gari la mizigo, bima ndogo huenda isimhusu abiria. Kama wote wangesema kosa ni la pikapu peke yake, mama angebaki anamtazama jirani asiye na fedha. Ndiyo maana ile hesabu ya hatua kumi na ile pembetatu iliyokosekana si mambo madogo kwake.

Tena, angekuwa dereva wa pikapu ndiye aliyevunjika mguu, mambo yangekuwa tofauti. Yeye ana 15 katika mia ya kosa. Fidia yake ingepunguzwa kwa kiasi hicho. Kosa dogo halimnyimi mtu haki yake yote, ila humkata fungu lake.

KARATASI NA MUDA

Mama anahitaji karatasi hizi. Ya kwanza ni PF3, fomu ya polisi ambayo daktari huijaza kueleza majeraha. Majeruhi aliye mahututi atibiwe kwanza, ndugu zake wafuate fomu. Karatasi nyingine ni taarifa ya polisi na ramani ya ajali, taarifa ya mkaguzi wa magari, risiti za dawa na nauli, na namba za magari yote manne. Kampuni za bima za basi na lori zipewe taarifa ya madai mapema kwa maandishi, na nakala moja ibaki nyumbani.

Dai la uzembe lina muda wake, nao ni miaka 3. Ukipita, mahakama hailipokei, hata mguu uwe bado unauma. Kama mtu amekufa, walio chini ya ulezi wake, yaani mke au mume, watoto na wazazi, wanaweza kudai. Wasingoje mpaka matanga yasahaulike.

Kampuni ya bima ikizungusha, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa kwa sheria. Asiye na fedha za wakili anaweza kumwona msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watu hawa, na katika wilaya nyingi wapo. Ofisa mtendaji wa kijiji anaweza kumwelekeza wanakopatikana.

Mama yetu alimwomba mwanawe aliyeko darasa la saba alete daftari. Akamwambia aandike: saa 2 kasorobo, manyunyu, lori halina taa, matawi hatua kumi. Kisha akamwambia aandike tena, kwa herufi kubwa: nilirudi nyuma kwanza, ndipo nikaenda mbele.